Jiwe Lililonenepa

Mimi ni mtu wa Kihesa, Iringa, na nimekulia juu ya mawe. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jabali tulilolitumia kuanikia mahindi, na jingine la kuteleza, ambalo lilitutoboa nguo makalioni na kutuponza kwa mama karibu kila wiki. Kwa hiyo nilipoolewa kule milimani, juu ya Mbalizi, na mama mkwe akaniambia kwamba mwanamke mwenye mimba huko hubeba jiwe siku ya kliniki, nilicheka. Enzi hizo nilikuwa mwepesi wa kucheka. Nilidhani ni utani wa kumpima mkamwana mgeni, sawa na ule wa mawifi zangu walioniuliza kila nilipokaa kula kama ninakosa nyama ya mbwa, kama tunavyotaniwa watu wa Iringa.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa haja, mwenye mikono iliyoshiba ya mtu aliyelima ngano na pareto maisha yake yote. Alipokuwa hataki mzaha alikutazama kidevu badala ya macho. Alinitazama kidevu mpaka kicheko kikaniishia.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa kijiji kipya. Nyumba zilipangwa mistari miwili kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo zamani hakuna aliyetaka kuishi kwa sababu ya ukungu. Ukungu wa kwetu Iringa ukiona jua unaaga. Wa kule uliingia mlangoni saa nane mchana, ukakaa ndani pamoja na watu. Ungeweza kusikia mtu akikohoa karibu na sikio lako usimwone, na ukiuliza ukaambiwa hakuna aliyepita.

Zahanati hatukuwa nayo. Tulikuwa na gari la kliniki, Landrova iliyopanda kutoka mjini mara moja kwa mwezi kuja kupima wajawazito na watoto wachanga. Iliegeshwa mbele ya ghala la pareto, na nesi akaweka mizani yake ya kukanyaga barazani, kwenye saruji. Nesi alikuwa mtu wa Pwani, mchangamfu, mwenye sweta mbili na kofia ya sufu. Kwa jinsi alivyoiogopa baridi, hakuthubutu kumwambia mtu yeyote avue koti, hivyo tulipimwa na makoti yetu, mablanketi yetu na kanga tatu tatu. Karani wake alibaki ndani ya gari na kadi zetu ili zisilowe. Nesi akishasoma kilo, alipaza sauti ili karani asikie.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na ukuta wa mlima wenye msitu mzito. Nesi akisema hamsini na tatu, mlima nao ulisema hamsini na tatu. Mwangwi ninaujua, nilisoma mpaka darasa la saba. Lakini mwangwi huo ulichelewa kuliko inavyopasa, na haukuwa na uchangamfu wa yule nesi. Ulisema kama mtu anayerudia bei kabla ya kulipa.

Mume wangu alikuwa na mke kabla yangu. Kwamba amefariki nilijua tangu siku ya posa. Alivyofariki niliambiwa na wifi yangu, tukimenya viazi. Gari la kliniki lilipoanza kuja, mke huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukanyaga mizani akiwa na mimba. Kilo zake zilipanda upesi, na kila zilipotajwa watu walipiga makofi, maana walidhani mama anayenenepa ni mama mwenye heri. Baadaye miguu ikavimba. Uso ukavimba mpaka macho yakabaki mistari. Kabla gari halijarudi, akaanguka shambani, mwili ukamkakamaa na kutetemeka, akafa na mtoto tumboni. Leo ninajua kwamba huo ni kifafa cha mimba, na kwamba kilo zile zilizopigiwa makofi hazikuwa shibe. Wakati ule watu wa kijijini walijua jambo moja tu: uzito wake ulitajwa mbele ya mlima, na mlima ukaurudia.

Mama mkwe ndiye aliyeanzisha mawe. Hakuwa mtu wa kuwagombeza watu wa serikali, na kliniki aliipenda kwa ajili ya sindano za watoto, ila hakutaka kilo ya kweli isikike tena ng'ambo. Kila mwenye mimba akachukua jiwe lake, akalifunga kiunoni kwa nyuma chini ya koti, na kilo iliyotajwa ikawa si yake. Akiingia ndani ya ghala kulala mezani apimwe tumbo, alimpa mwenzake amshikie. Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walikwisha kulifikiria jambo hilo: ukibeba jiwe lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, jiwe halikui, kwa hiyo kinachoongezeka ni wewe, na nesi atakiona. Walimpa nesi ukweli wake, mlima wakaunyima wake. Nilipoelewa hivyo sikucheka tena, niliwasifu moyoni.

Wenzangu walibeba mawe meusi ya mtoni, ya kutosha viganja viwili. Langu lilikuwa tofauti. Mama mkwe alilifuata mwenyewe juu mlimani akashinda huko kutwa, akarudi nalo mgongoni kalifunga kwa mbeleko. Lilikuwa la kijivu, kubwa kiasi cha mtoto mchanga, jembamba upande mmoja kama shingo, na lote lilikuwa na vitundu vidogo vidogo. Nilijikaza kulipokea, nusura nianguke kwa nyuma, kwa sababu lilikuwa jepesi ajabu. Mawe ya Iringa hayana tabia hiyo.

"Wewe mwana, hii ndiyo mtoto," aliniambia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kisafwa ndicho alichokiota. "Ile inakuja kuchukua, itachukua hii."

Nikamwuliza ni nini hiyo inayokuja kuchukua. Akanitazama kidevu.

Jiwe lilikuwa na masharti. Halikulala ndani. Lilikaa nje chini ya upenu, kwenye ukuta wa chumba changu, ili anayekuja alikute kabla hajanifikia mimi. Na mimi nilikuwa na masharti yangu: nisile mayai, nisile mafuta, nisinywe maziwa, nile kidogo na niache nikiwa bado na hamu. Mwenzangu alinenepa akafa, mimi nisinenepe. Mama mkwe alinipakulia mwenyewe, kijiko kimoja cha maharage na tonge moja la ugali, akakaa mbele yangu akiogopa. Ninasema akiogopa kwa sababu kila nilichomeza alikifuata kwa macho mpaka kimeshuka kooni. Ningekuwa mkali kama nisingeyaona macho yale.

Mara ya kwanza kupimwa ilikuwa kiangazi bado. Nilisimama kwenye mizani na mtoto wa jiwe mgongoni, nesi akataja hamsini na nne, mlima ukasema hamsini na nne, na nywele za shingoni zikanisimama. Nilijiambia ni baridi.

Kisha mvua ikaanza. Siku ya mvua ya kwanza nilikuwa nimejilaza mchana, kichefuchefu kimenishika, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye nyasi za paa. Nikasikia sauti nje ya ukuta, usawa wa kichwa changu. Ilikuwa sauti ndogo, ya kunyonya. Inanyonya, inapumzika, inanyonya tena. Nilidhani ni mbuzi mchanga amejikinga upenuni. Nikatoka kuangalia. Hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na jiwe langu limekaa chini ya matone, na vitundu vyake vilikuwa vinatoa povu jembamba kama la mtoto aliyecheua. Nilirudi ndani nikavuta blanketi mpaka kichwani, na sikumwambia mtu.

Kliniki iliyofuata nililiona zito zaidi nilipolifunga. Nililifuta vizuri kwa kanga kuukuu, nikalizungushia kipande cha nailoni lisiniloweshe, maana kwetu jiwe ukilifuta limekauka. Kwenye foleni nilihisi kitu kinanitambaa mgongoni, polepole, kikashuka mpaka kisigino. Yalikuwa maji. Yalikuwa ya vuguvugu kwa joto la mwili wangu, na akili yangu ikaniambia kwamba jiwe linalia. Kilo zangu zilikuwa zimepanda. Mwezi uliofuata zikapanda tena, na nesi akanigeuza niwatazame wenzangu.

"Mwaona nyie?" alisema. "Huyu mama anakula. Tumbo lake dogo, lakini kilo zinakwenda vizuri kabisa. Hivi ndivyo ninavyotaka."

Nilisimama pale nikisifiwa, na hapo bangili yangu ya shaba, ambayo siku ya harusi iliingizwa kwa sabuni, ilinitoka mkononi ikaanguka kwenye saruji. Wanawake waliitazama bangili, wakanitazama mimi. Mifupa ya mabega yangu ilikuwa inasukuma koti. Kila mtu aliniona nimekwisha, isipokuwa mizani.

Nilipotaka kuingia ndani kupimwa tumbo, nilimpa wifi yangu jiwe kama kawaida. Alirudi nyuma na mikono akaificha kwapani.

"Wifi, mimi sishiki tena," alisema. "Jiwe yako inakua."

Nililiweka mwenyewe ukutani, limeegemea kama mtoto aliyeambiwa asubiri. Nilipolala mezani, nesi akinibonyeza tumbo na kuguna na kuangalia tena kadi, nilikuwa ninawaza jambo moja, na nitalisema kama lilivyokuwa. Niliwaza kwamba linanila. Kile kilichotakiwa kuingia kwa mwanangu kilikuwa kinaingia kwenye jiwe, na siku moja nitazaa kitu chepesi chenye vitundu, na upenuni kutalia mtoto. Nilikuwa na akili timamu na darasa langu la saba, na niliwaza hivyo.

Tangu siku hiyo kisimani walinipisha niteke peke yangu. Mama mkwe alianza kumega kipande cha ugali kila jioni na kukiweka nje karibu na jiwe. Nadhani alitaka liwe na chake, lisitafute changu. Asubuhi kipande hakikuwepo. Panya, nilijiambia, au mbwa. Mwanangu tumboni alicheza kidogo tu, halafu siku nyingine hakucheza kabisa, nami nilikaa kwenye kigoda mkono juu ya tumbo nikimbembeleza agonge hata mara moja nijue bado yupo. Sijapata kuogopa vile kwa ajili ya mtu nisiyemjua sura.

Mume wangu alikuwa Chunya, kwenye kituo cha kununulia tumbaku, kazi yake kupima marobota. Alikuja nyumbani mwishoni mwa Januari, kachafuka vumbi la tumbaku mpaka ndani ya masikio ingawa sisi huku tulikuwa tunaogelea kwenye matope. Aliponiona hakunisalimu. Aliniketisha, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, vidole vikakutana na kupitana. Nikamweleza yote, kunyonya, kulia, kukua. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akatoka nje kwenda upenuni. Nilimfuata. Alilipiga jiwe teke dogo, akaliinua, akalipima mikononi juu na chini kama afanyavyo kazini, akacheka.

"Limekunywa maji hili," alisema. "Si jiwe la kusugulia miguu hili? Kule wakulima wananiloweshea tumbaku kila msimu ipate kupima vizuri, halafu wanadhani sitajua. Mkono unajua."

Alilikumbatia akalibana kwa nguvu, maji yakamchuruzika mpaka viwikoni. Aliendelea kucheka, akanigeukia ili tucheke pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Miezi yote ile niliogopa jiwe, na kumbe palikuwa na faraja fulani kuliogopa, kwa sababu kama jiwe linanila basi angalau kuna mwizi, na mwizi hufukuzwa. Sasa hapakuwa na mwizi. Kilo zote alizozisifu nesi zilikuwa maji ya mvua, na mimi na mwanangu hatukuwa tumeongeza kitu.

Mume wangu alitaka kunipeleka kwetu Iringa siku ile ile. Lakini barabara ya kushuka Mbalizi ilikuwa imebomoka, mabasi hayapiti, Landrova tu ndiyo iliyoweza, na gari la kliniki lilitazamiwa kabla haijatengenezwa. Nikasema nitapimwa kwanza, bila jiwe, nijue mtoto yuko hai au ninabeba kaburi. Mama mkwe alisikia kutoka jikoni. Alikuja akasimama mlangoni, unga mikononi.

"Ukivua, itakusikia," alisema.

"Mama, mtoto hakui."

"Yule mwenzako ilimsikia."

"Mama," nilimwambia, na sauti ilinitoka kali kuliko ninavyoruhusiwa kumpazia mama mkwe, "yule alikufa amevimba. Mimi nitakufa nimekauka. Unataka utuzike wote wawili?"

Mume wangu alinikanya. Mama mkwe hakunitazama kidevu safari hii. Alinitazama machoni, nikaona jinsi alivyokuwa amechoka kunilinda, akarudi kwenye unga wake.

Siku ya kliniki ukungu ulikuwa umelala barazani kiasi kwamba Landrova ilikuwa taa mbili tu. Nilibeba jiwe mkononi, mbele za watu. Zamu yangu ilipofika nililiweka kwenye saruji kando ya mizani. Lilitoa kidimbwi. Nesi alilitazama, akanitazama, kisha akatazama foleni nzima ya wanawake wenye migongo minene, waliokuwa wameanza kujikunyata ndani ya mablanketi yao.

"Na nani mwingine?" aliuliza.

Niliwavua nguo wenzangu wote asubuhi ile, na bado nilivua koti langu pia, nikapanda. Sindano ya mizani ilienda, ikarudi, ikatulia mahali pa chini sana. Nesi alivuta pumzi ya kumwitia karani. Nikamshika sweta.

"Sista, usitaje. Nakuomba. Uniambie mimi."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alifunga mdomo. Aliteremka barazani mwenyewe mpaka kwenye gari, akaandika, akarudi, akaniinamia sikioni. "Mama, umepungua kuliko ulivyoanza. Mtoto anajitahidi, moyo wake nitausikiliza sasa hivi. Lakini anakula mwili wako, na mwili unaisha. Lazima unenepe. Utakula mayai, maharage, karanga, maziwa, na jembe utaliweka chini. Nitakuja kukuangalia hata kama gari linapitia kijiji kingine." Alininong'oneza mambo hayo yote kama siri ya mapenzi.

Hapo ndipo mama mkwe alipotoka kwenye ukungu. Sikujua kwamba alinifuata. Alivua koti la marehemu mumewe, akavua kilemba, akavua viatu vya mpira, akapanda mizani na gauni lake moja tu la kitambaa chepesi, kwenye baridi ile.

"Mimi taja," alisema.

"Bibi, wewe huna mimba," nesi akasema, na wanawake wawili watatu wakacheka kwa woga.

"Taja. Na sauti."

Nesi alitabasamu akidhani ni uchangamfu wa mzee, akapaza sauti kwa karani kama zamani. Sabini na moja. Tukasubiri. Ng'ambo ya korongo mlima ukasema sabini na moja, taratibu, kila neno. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama waliokubaliana, akashuka na kuvaa viatu vyake.

Kuanzia siku hiyo alinilisha. Yeye aliyekuwa akihesabu maharage kijikoni mwangu, alichemsha mayai akakaa mbele yangu mpaka niyamalize, akanikorogea uji wa ulezi wenye karanga asubuhi na jioni, akateremka mwenyewe bondeni kuniletea maziwa kwa watu wenye ng'ombe. Ilikuwa miezi ya shida, mahindi ya mwaka uliopita yamebaki chini kabisa ya kihenge na mapya bado mabichi. Nikimwuliza mbona hali, alisema amekula jikoni. Nilikuwa na njaa ya watu wawili na niliamini, au nilitaka kuamini. Mwanangu alianza kugonga. Siku aliponigonga mpaka bakuli la uji likaruka juu ya tumbo, nililia kwa sauti, na mama mkwe akauweka mkono wake pale, akacheka. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka.

Nesi alitimiza ahadi. Alipanda mara mbili zaidi ya ratiba yake, na sasa hakumtajia mtu kilo. Alimwonyesha kila mwanamke sindano kwa kidole na kumwacha aende na siri yake. Mawe ya mtoni yalirundikwa nyuma ya ghala na hakuna aliyeyauliza. Mimi sindano yangu ilipanda, ya kweli. Lakini kila nilipomaliza mimi, mama mkwe alivua koti akapanda, na yeye pekee alitaka kutajwa. Sitini na tano. Sitini. Gauni lilianza kumning'inia. Nesi alimwomba ashuke naye hospitali akapimwe damu, akakataa. Alimwomba basi asimtaje, akakataa kwa ukali zaidi. Na mlima, ambao siku zote ulichelewa, ulikuwa unawahi. Kila mwezi ulijibu mapema kidogo. Mara ya mwisho, nesi aliposema hamsini na mbili, nilikuwa nimesimama karibu naye, na sikuweza kujua kama aliyetangulia ni yeye au mlima.

Wenye akili wameniambia kwamba mama yule alikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi, na kwamba chungu kilikuwa kimoja, nilichokula mimi ndicho alichokosa yeye. Ninakubali. Nimefundisha wakamwana zangu mwenyewe waende kliniki, wapimwe, wale mayai. Nimewatajia kilo zao mezani hapa Kihesa, milango wazi, na hakuna lililotokea.

Landrova ilinishusha Mbeya mjini kabla ya wakati, nikajifungulia hospitalini mtoto wa kike, mnene, mwenye mikunjo mapajani. Aliyempima alitaka kusema. Nilimwomba aninong'oneze. Tuliporudi mlimani mama mkwe alikuwa amelala jikoni karibu na moto, mdogo chini ya blanketi, mikono yake imekuwa vijiti. Mume wangu alikuwa nje akipasua kuni. Nilikaa chini nikamwekea mtoto kifuani. Alishindwa kumnyanyua, ikabidi nimshikie kwa chini.

"Mzito," alisema.

Nilidhani amemaliza. Alivuta pumzi, akageuza uso kuelekea mlangoni, ambako ukungu wa saa nane ulikuwa umeshafika kizingitini, akasema tena, kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. "Mtoto yetu ni mzito."

Alikuwa na furaha. Baada ya woga wa miaka yote ile alikuwa na furaha, na alijisahau. Mimi nilikuwa nimeshamtwaa mtoto na kusimama. Niliufunga mlango, nikatia komeo, nikauegemea kwa mgongo na mwanangu nimembana kifuani, na pale gizani, na moshi ukinikaba, nikazuia pumzi nisikie kama kuna anayerudia.